Moshi Tuliouzoea

Siku ya Mei Mosi mwaka 1986 nilikuwa nyumbani kwa mama yangu, kijijini huko Njombe. Nilikuwa mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari isiyokuwa mbali, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu nilikwenda kumjulia hali. Mvua za masika zilikuwa zinaelekea ukingoni na baridi ya nyanda zetu za juu ilikuwa imeanza. Kama ilivyo desturi ya kwetu, mazungumzo yote yalifanyika jikoni. Mama alikaa kwenye kigoda mbele ya mafiga. Kuni zake za muwati zilikuwa hazijakauka vizuri na zilifuka moshi mwingi. Mimi nilikaa karibu na mlango na redio yangu ya betri.

Redio ilikuwa inaeleza habari za ajali ya kituo cha umeme wa nyuklia kule Urusi, maana wakati ule Sovieti nzima tuliiita Urusi, ingawa mahali penyewe, Chernobyl, pako Ukraine. Nilimweleza mama kwa maneno mepesi kwamba mtambo wa umeme umelipuka huko Ulaya, umetoa sumu iitwayo mionzi, na upepo unaipeleka nchi hadi nchi. Akaniuliza, "Sasa hao watu huo moshi hawakuuona wakakimbia?" Nikamjibu kuwa hauonekani, hauna harufu, wala haukoholeshi. Mama akatikisa kichwa. "Basi hao wana shida, mwanangu. Kitu kinakuua nawe hukioni." Kisha akainama kupuliza moto, moshi ukampanda usoni, akakohoa kwa muda mrefu. Hatukusema neno juu ya kikohozi hicho. Alikuwa nacho tangu mimi nikiwa mtoto.

Maneno hayo nimeyakumbuka mara nyingi, na ndiyo yaliyonifanya niandike kurasa hizi.

Kwanza nieleze yaliyotokea Chernobyl, kama yanavyojulikana leo. Usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 26 Aprili 1986, wafanyakazi wa kinu namba 4 walikuwa wanafanya jaribio. Walitaka kujua kama umeme ukikatika, mashine ya kufua umeme inayoendelea kuzunguka kwa nguvu zake za mwisho ingeweza kuendesha pampu za maji ya kupoza kinu, mpaka jenereta za dizeli ziwake. Kinu kilikuwa kimeshushwa nguvu kupita kiasi, na baadhi ya vizuizi vya usalama vilikuwa vimezimwa. Saa 7 na dakika 23 usiku waliingiza fito za kuzimia kinu. Kumbe fito zenyewe zilikuwa na kasoro: kwa sekunde chache za mwanzo ncha zake zilizidisha nguvu badala ya kuipunguza. Kasoro hiyo ilikwisha kuonekana mwaka 1983 katika kituo cha Ignalina, Lithuania, lakini waliokuwa zamu usiku ule hawakuwa wameelezwa hatari yake. Kinu kikalipuka, na hakikuwa na jengo imara la zege la kuizuia mionzi isitoke nje.

Wafanyakazi wawili walikufa usiku ule. Watu 134, hasa wazima moto na wafanyakazi wa kituo, waliugua ugonjwa wa mionzi, na 28 kati yao walikufa katika miezi iliyofuata. Mji wa jirani wa Pripyat, uliokuwa na watu wapatao 49,000, haukuambiwa kitu siku nzima. Watoto walikwenda shule na walicheza nje. Mabasi ya kuwahamisha yalikuja mchana wa tarehe 27. Dunia ilianza kujua tarehe 28, pale vyombo vya kupimia mionzi katika kituo cha Forsmark, nchini Sweden, vilipolia kwa sababu ya vumbi lililokuwa kwenye viatu vya mfanyakazi. Na siku ile ya Mei Mosi, wakati mimi na mama tunaota moto, mjini Kiev maandamano ya sikukuu yalifanyika barabarani kama kawaida, watoto nao wakiwamo.

Madhara makubwa yaliwapata watoto. Miongoni mwa vitu vilivyotoka kwenye kinu ni iodini yenye mionzi. Iodini ndiyo yale madini joto tunayoambiwa tuyapate katika chumvi. Mwili huipeleka katika tezi ya shingoni, ile inayovimba ikawa rovu, wala haubagui iodini safi na ile yenye mionzi. Ng'ombe walikula majani, watoto wakanywa maziwa. Iodini hiyo hupungua nusu kila baada ya siku 8. Kama wazazi wangeambiwa mapema wasiwape watoto maziwa hayo kwa majuma machache, wengi wangeokoka. Kufikia mwaka 2005, zaidi ya watu 6,000 waliokuwa watoto au vijana wakati wa ajali walikuwa wamepata saratani ya tezi hiyo, na 15 walikuwa wamekufa. Mwaka huo huo jopo la mashirika ya Umoja wa Mataifa lilikadiria kuwa vifo vyote vya saratani kwa watu waliopata mionzi zaidi huenda hatimaye vikafika 4,000. Wapo wanaosema vitazidi hapo.

Niliporudi shuleni nilichora kinu hicho ubaoni, nikawaambia wanafunzi wangu kuwa hii ndiyo nishati ya hatari kuliko zote alizowahi kuzitumia binadamu. Nilisema hivyo bila kusita. Hakuna mwanafunzi aliyenipinga.

Mwaka 1994 mama aliugua kwa mara ya mwisho. Alikuwa hawezi kupanda kilima kidogo cha kutoka kisimani bila kukaa chini mara mbili. Tulimpeleka hospitali. Daktari alimsikiliza kifuani, akanivuta pembeni, akaniuliza, "Mama huyu amevuta sigara kwa miaka mingapi?" Nikamwambia hajapata kuvuta hata moja. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Anapikia nini?" Swali hilo lilinichoma moyo. Mimi mwalimu wa fizikia, niliyewafundisha watoto wa wenzangu habari za mionzi ya Ukraine, sikuwahi hata siku moja kumtobolea mama yangu dirisha jikoni. Alikufa baada ya majuma matatu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wa kwangu alikuwa ameliwa mbele ya macho yangu.

Ndugu msomaji, tangu hapo nilianza kusoma upya historia ya nishati, safari hii kwa swali moja: Ni moto gani umewaua watu wengi zaidi, nasi tunauogopa upi?

Nilianza na makaa ya mawe. Kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952 mji wa London ulifunikwa na ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe yaliyokuwa yakichomwa majumbani na viwandani. Upepo haukuvuma, na moshi ukakosa pa kwenda. Mwanzoni ilihesabiwa kuwa wamekufa watu wapatao 4,000. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa huenda walifika 12,000. Hakikulipuka kitu. Watu walikohoa vitandani mwao, na ongezeko la vifo lilifahamika vizuri pale tu hesabu zilipojumlishwa. Sheria ya kusafisha hewa ilipitishwa mwaka 1956.

Mwaka 1966, tarehe 21 Oktoba, katika kijiji cha Aberfan huko Wales, kilima cha taka za mgodi wa makaa ya mawe kiliporomoka baada ya mvua na kufunika shule ya msingi asubuhi masomo yakianza. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Wanakijiji walikuwa wametoa malalamiko juu ya kilima kile miaka kadhaa kabla.

Na kuna tarehe moja iliyonishtua. Tarehe 26 Aprili 1942, yaani miaka 44 kamili kabla ya Chernobyl, gesi na vumbi la makaa vililipuka katika mgodi wa Benxihu, kaskazini mashariki ya Uchina, eneo lililokuwa chini ya utawala wa Wajapani. Ili moto usienee, hewa iliyokuwa ikiingizwa mgodini ilikatwa wakati wafanyakazi wakiwa bado chini. Walikufa watu 1,549, na uchunguzi uliofanywa baada ya vita ulionyesha kuwa wengi hawakuuawa na mlipuko. Waliuawa na hewa ya sumu baada ya mapango kufungwa. Idadi iliyotangazwa kwanza ilikuwa watu 34. Nimekwisha kuwauliza watu wengi wenye elimu habari za Benxihu, na sijampata aliyewahi kulisikia jina hilo. Chernobyl wanaijua wote.

Nikahamia kwenye maji, nishati ambayo nchi yetu imeitegemea kwa miaka mingi na ambayo sote huiona safi. Mwezi Agosti 1975 kimbunga kiliingia mkoa wa Henan nchini Uchina kikasimama mahali pamoja. Katika sehemu moja mvua ya siku moja ilizidi milimita 1,000. Usiku wa kuamkia tarehe 8, bwawa la Banqiao lilipasuka, na kwa jumla mabawa yapatayo 62 yalibomoka. Hesabu ya serikali ni kuwa watu 26,000 walikufa majini. Makadirio yanayojumlisha waliokufa kwa njaa na maradhi baada ya mafuriko yanapita 170,000. Mhandisi mmoja aitwaye Chen Xing alikuwa ametaka bwawa mojawapo la eneo lile liwekewe milango 12 ya kutolea maji. Alionekana mwoga, ikawekwa 5. Habari kamili za msiba huo zilifichwa kwa miaka mingi, na kumbukumbu zake rasmi zilifunguliwa mwaka 2005 tu.

Mafuta je? Hapa sina haja ya kwenda mbali. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan nchini Kenya, watu wakakimbilia kuchota, moto ukawaka na kuua zaidi ya 110. Tarehe 2 Julai 2010 ikawa Sange, mashariki ya Kongo, wakafa zaidi ya 230. Tarehe 10 Agosti 2019 ikawa Msamvu, Morogoro, wakafa zaidi ya 100. Nakumbuka simanzi iliyotanda nchini siku zile za Morogoro. Lakini nakumbuka pia kuwa kesho yake daladala zilijaza mafuta kama kawaida, wala hakutokea mtu aliyesema petroli ipigwe marufuku.

Wataalamu wamejaribu kuziweka nishati zote katika mizani moja. Wanachukua umeme unaofuliwa, kisha wanahesabu waliokufa kwa ajali na kwa moshi. Tuseme umeme huo ni uniti bilioni moja, uniti zile zile tunazonunua za LUKU. Ukifuliwa kwa makaa ya mawe, hufa wastani wa watu 25 hivi. Kwa mafuta, 18. Kwa gesi asilia, wapatao 3. Kwa maji, mmoja na kidogo, na wengi wa hao ni wa Banqiao. Kwa nyuklia, ukijumlisha Chernobyl na ajali ya Japani nitakayoieleza, hesabu ni sehemu 3 tu za mtu mmoja aliyegawanywa mara 100. Maana yake, kituo cha nyuklia kinachotoa uniti bilioni moja kwa mwaka kingechukua miaka kama 30 kufikia kifo kimoja. Upepo na jua viko karibu na hapo hapo.

Katika hesabu hiyo mafiga ya mama hayamo, kwa kuwa hayafui umeme. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa moshi wa ndani ya nyumba, wa kuni, mkaa, kinyesi cha ng'ombe na mafuta ya taa, ulisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020. Gawa kwa siku za mwaka. Utapata watu zaidi ya 8,700 kila siku, na wengi wao ni wanawake na watoto.

Nilipofika hapo, nilidhani nimemaliza kazi. Niliona kwamba watu ni wajinga kuogopa nyuklia, na kwamba mimi nilikuwa mjinga kuliko wote kwa yale niliyofundisha mwaka 1986. Lakini ajali ya Japani ilinirudisha nyuma kidogo.

Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko kubwa la ardhi liliinua bahari, na mawimbi yakaua watu zaidi ya 18,000, ukiwahesabu na wale ambao hawakuonekana tena. Kituo cha Fukushima Daiichi kilifikiwa na wimbi la kimo cha mita 14 hivi, jenereta zake zikazama, na vinu vitatu vikayeyuka ndani. Hakuna aliyekufa papo hapo kwa mionzi. Mpaka mwaka 2018 serikali ya Japani ilikuwa imekiri kifo kimoja tu, cha mfanyakazi aliyepata saratani ya mapafu. Hata hivyo zaidi ya watu 150,000 waliacha makwao, na katika mkoa wa Fukushima zaidi ya watu 2,000, wengi wao wazee, walikufa kutokana na taabu za kuhama: kuondolewa hospitalini kwa haraka, kukosa dawa, kukaa kambini, kukata tamaa. Yaani hofu ya mionzi na namna watu walivyohamishwa viliua kuliko mionzi yenyewe. Ujerumani nayo ikaamua kuachana na nyuklia. Vinu vyake vitatu vya mwisho vilizimwa tarehe 15 Aprili 2023, huku mitambo yake ya makaa ya mawe ikiendelea kutoa moshi.

Basi kwa nini nasema nilirudi nyuma? Kwa sababu mizani ya vifo haipimi kila kitu. Mzee aliyezika wazazi wake Pripyat, kisha akaambiwa asirudi tena, hakufa. Hesabu haimwoni. Mji mzima ulibaki majumba matupu. Taka za vinu zitahitaji kulindwa kwa vizazi vingi, na hakuna anayejua ni serikali gani itakuwapo wakati huo. Mtu mwenye kuyaogopa hayo si mjinga. Nami sitaki kumlaghai msomaji kwa namba moja, kama nilivyowalaghai wanafunzi wangu kwa mchoro mmoja.

Nilipozilinganisha ajali hizi tena, niliona kitu ambacho mizani haikunionyesha. Chernobyl, kasoro ilijulikana ikafichwa. Banqiao, mhandisi alionya akanyamazishwa, na waliokufa wakafichwa. Benxihu, hewa ilikatwa na hesabu ikapunguzwa. Aberfan, wanakijiji walisema hawakusikilizwa. Kote huko chanzo cha nguvu kilikuwa tofauti: urani, maji, makaa. Kilichofanana ni kwamba aliyejua hakusema, au aliyesema hakusikilizwa, na aliyeishi karibu ndiye aliyekuwa wa mwisho kuambiwa. Maziwa yale ya Ukraine yangemwagwa kama mama mmoja tu angeambiwa, naye akawaambia majirani.

Jambo hili linatuhusu. Nchini Kenya, mwaka 2024 wakazi wa Uyombo katika kaunti ya Kilifi waliandamana kupinga mpango wa kujengewa kituo cha nyuklia ufukoni kwao. Kwetu Tanzania iko urani ya Mto Mkuju, Namtumbo, si mbali sana na nyumbani kwetu. Liko pia bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye mitambo ya megawati 2,115, ambalo tunajivunia kwa haki. Sisemi Uyombo walikosea wala walipatia. Nasema kwamba maswali waliyoyauliza yanapaswa kuulizwa kwa kila mtambo, uwe wa urani, wa maji au wa gesi. Nani ana mamlaka ya kusema "zima"? Akisema, atafukuzwa kazi? Mambo yakiharibika saa 7 usiku, mwanakijiji aliye karibu ataambiwa saa ngapi? Majibu yakiwa mazuri, mimi binafsi nitalala jirani na kinu cha nyuklia kwa amani kuliko jirani na mtambo wa makaa ya mawe. Majibu yakikosekana, hata bwawa la maji matamu nitalihama.

Nimalizie nyumbani. Mwaka mmoja baada ya kumzika mama nilibomoa lile jiko la zamani. Masizi ya ukutani yalikuwa mazito kiasi kwamba fundi aliyabandua kwa jembe, nasi tuliokuwa tukimsaidia tulikohoa mpaka jioni. Nikajenga jiko jingine lenye madirisha mawili na bomba la kutolea moshi juu ya paa. Gharama yake yote haikufika mshahara wangu wa miezi miwili. Mdogo wangu wa kike ndiye anayelitumia sasa, na siku hizi anao mtungi wa gesi pia, ingawa maharage bado huyachemsha kwa kuni kuokoa fedha.

Juzi mjukuu wake, aliye kidato cha pili, aliniuliza, "Babu, ni kweli nyuklia ndiyo nishati ya hatari kuliko zote?" Nikamwuliza nani kamwambia. Akasema mwalimu wao. Nilimwambia aende jikoni kwanza akafungue yale madirisha, maana bibi yake alikuwa ameyafunga kwa ajili ya baridi na moshi ulikuwa umejaa. Aliporudi tulikaa, nikaanza kumsimulia habari za mama yangu.